Mchezo wa Watu Wazima



Katika vijiji vingi vya nchi yetu ya Kongo, siku ya Dominika baada ya sala, jua likiisha kupunguza ukali wake, wanaume wenye wake na watoto huvua makoti yao, huyalaza juu ya nyasi, na kuingia uwanjani kucheza mpira wa miguu. Si vijana wa shule hao. Ni wakulima, waashi, walimu na wachuuzi wa sokoni, wengine wenye mvi kichwani. Mmoja ana viatu viwili, mwingine ana kimoja, wa tatu acheza miguu mitupu. Watu wa mlimani wacheza na watu wa mtoni, au kijiji hiki chacheza na kijiji jirani. Mijini watu wa namna hiyo huitwa maveterani, nao wana vyama vyao na jezi zao. Kwetu vijijini hatuna jina kubwa la kuwapa; twasema tu kwamba wababa wanacheza.

Wako wanaouliza: Je, yampasa mtu anayejiandaa kubatizwa, tena baba wa nyumba, akimbie nyuma ya mpira kama mtoto? Swali hilo ni jema. Anayeliuliza amekwisha kufahamu kwamba Ubatizo wageuza maisha yote ya mtu, hata saa zake za kupumzika. Basi jibu ni hili: yampasa, wala asione haya. Lakini aujue mchezo ni kitu gani, na autunze, maana ni kitu chepesi kuharibika.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, alijiuliza swali hilohilo katika kitabu chake kikubwa cha mafundisho ya imani. Alijibu kwamba roho ya mtu huchoka kama mwili unavyochoka, na kama vile mwili watulizwa kwa pumziko, ndivyo roho yatulizwa kwa furaha ya mchezo. Kisha akaleta hadithi ya kale iliyopokewa kwa mababa wa jangwani. Watu walimkuta Mtakatifu Yoane Mwinjili akicheza na wanafunzi wake, wakachukizwa. Yoane akamwomba mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale. Akapiga. Akamwomba apige tena, na tena. Halafu akamwuliza kama angeweza kupiga hivyo bila kukoma. Yule mtu akajibu kwamba upinde wenyewe ungevunjika. Basi Yoane akawaambia kwamba roho ya mtu nayo ingevunjika kama isingelegezwa kamwe.

Ninyi wawindaji na wana wa wawindaji mwaielewa hadithi hii kuliko wasomi wa miji. Hakuna aachaye upinde wake umevutwa usiku kucha.

Lakini Mtakatifu Tomaso hakuishia hapo, na neno linalofuata ni zuri kulisoma mara mbili. Asema kwamba mtu asiyetaka kamwe kufurahi, tena awazuiaye wenzake wasifurahi, hutenda kosa. Ni kosa dogo kuliko la yule azidishaye mchezo, lakini ni kosa. Basi tusimfikirie tu mzee mwenye uso mkavu akaaye pembeni akinung'unika. Mharibu furaha yumo uwanjani pia. Ni yule amtukanaye mwenzake kwa sababu amepoteza mpira. Ni yule abishanaye na kila filimbi. Ni yule ambaye, timu yake ikifungwa mabao mawili, akumbuka ghafla kwamba mpira ni mali yake, akauchukua chini ya kwapa na kwenda nyumbani! Tumecheka, lakini kila mmoja wetu aweza kutaja jina la mtu wa namna hiyo. Amewanyima watu ishirini na mmoja pumziko lao la juma zima.

Mjue pia kwamba Kanisa halikuutazama mpira kwa mbali katika nchi yetu. Padri Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut ambaye watu wa Kinshasa walimwita Tata Raphaël, alijenga shule na viwanja vya michezo pamoja, akiona kwamba mtoto afundishwaye kusoma afundishwe na kucheza. Uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 1952 kwa jina la mfalme wa Wabelgiji leo unaitwa kwa jina lake yeye. Kule Lubumbashi, mwaka 1939, wamonaki Wabenedikto waliwakusanya vijana wa shule yao wakafanya timu, wakaiita kwa jina la Mtakatifu Georges. Timu hiyo ndiyo iliyokua, ikabadilisha majina, na leo dunia yote yaijua kwa jina la Mazembe. Mwaka 2010 ilifika hata fainali ya klabu za ulimwengu, ikafungwa na Inter ya Milano. Mwanzo wake ulikuwa mdogo tu: vijana wa shule waliohitaji kuchezeshwa.

Sasa sikilizeni jambo la huzuni. Tarehe 11 Mei 2014, katika uwanja uleule wenye jina la Tata Raphaël, Vita ya Kinshasa ilicheza na Mazembe ya Lubumbashi. Vita walikuwa nyuma kwa bao moja. Mawe yakaanza kurushwa, polisi wakarusha moshi wa kutoa machozi, watu wakakimbilia milango, wakakanyagana. Walikufa watu kumi na watano. Kwa bao moja! Walitoka nyumbani mwao wakiwaaga watoto kwamba wanakwenda kuangalia mpira.

Msiseme: hayo ni mambo ya mji mkuu, wenye watu wengi kupita kiasi. Jiwe la kwanza hurushwa na mkono mmoja, na kabla ya mkono kurusha jiwe, ulimi ulikwisha kurusha neno. Kijijini twaanza vivyo hivyo. Mtu mmoja asema: mwamuzi amenunuliwa. Wa pili asema: watu wa ng'ambo ile ndivyo walivyo, tangu babu zao. Wa tatu haonyeshi lolote, ila jioni mke wake akienda kisimani, yule mama wa ng'ambo hamsalimu. Mwaka mzima watu wawili hawasalimiani kwa sababu ya penalti, na ukiwauliza, mmoja hakumbuki hata nani aliyeipiga.

Mtakatifu Paulo alikaa Korinto mwaka mmoja na nusu. Karibu na mji ule, kila mwaka wa pili, palifanyika michezo mikubwa ya Wagiriki, na mshindi alivikwa taji la majani ya msonobari. Ndiyo sababu, alipowaandikia Wakorinto barua yake ya kwanza, katika sura ya tisa aliwatajia wakimbiaji na wapiganaji wa ngumi, akijua kwamba watamwelewa mara moja. Awaambia kwamba wale hujinyima mengi kwa ajili ya taji linalonyauka. Hawalaumu kwa kukimbia. Awaonyesha tu kwamba majani ni majani. Na kwa Timoteo aliandika kwamba mshindani havikwi taji asipofuata sheria za mashindano. Tazameni basi: taji lenyewe ni la majani ya mti, litakauka baada ya siku chache, na hata hivyo halipatikani kwa udanganyifu. Mbuzi wetu wa mashindano naye ni kama taji hilo. Kesho kutwa ameliwa, mifupa imetupwa.

Tufike sasa penye jambo zito, ambalo wengi walijua na wachache walisema. Usiku wa kuamkia mashindano, mtu hupita nyumba kwa nyumba akichanga fedha. Hasemi ni za nini, wala hakuna amwulizaye, kwa maana wote wajua. Ni fedha za mganga. Mganga ataleta kitu cha kufukia golini, au unga wa kupaka magotini. Atawaagiza wachezaji wasiingie kwa njia ya watu wote bali waruke ua. Atawakataza wasiwape wapinzani mikono, ili nguvu zisiwatoke. Na mkatekumeni, aliyeacha hirizi yake mbele ya mwalimu mwaka jana, asimama mlangoni pake na noti mkononi, akifikiri.

Husema moyoni: Mimi siamini tena mambo hayo. Natoa tu ili wenzangu wasinihesabu kama msaliti.

Ndugu yangu, kama huamini, walipa nini? Na kama wanunua usalama wako mbele ya watu kwa kulipia sadaka ya mganga, utajibu nini siku ile mbele ya maji ya Ubatizo, Padri atakapokuuliza kama wamkataa Shetani na kazi zake zote? Hatakuuliza kama wamkataa siku za kazi tu. Amri ya kwanza ya Mungu haina likizo ya Dominika saa tisa.

Lakini natamani mwone na jambo la pili, ambalo hata asiyesali aweza kuliona. Dawa yaua mchezo kabla mpira haujapigwa. Tukishinda, aliyeshinda ni mganga. Kazi ya miguu yetu haihesabiwi. Tukishindwa, hatuwezi tena kusema kwamba wenzetu wamecheza vizuri kuliko sisi. Twatafuta aliyevunja mwiko: nani alimpa mpinzani mkono, nani hakulala peke yake, nani alipita mlangoni. Kipa aliyeteleza kwenye matope aitwa mchawi, naye ni jirani yetu, na watoto wake wasoma pamoja na watoto wetu. Na mpinzani hawi tena mtu ashindanaye nasi. Amekuwa mtu anayetuloga. Nani atacheka na mtu anayemloga?

Mwezi wa Septemba mwaka 2008, kule Butembo katika Kivu ya Kaskazini, mechi ya timu mbili za hapohapo ilivunjika kwa sababu hiyo. Kipa mmoja alishitakiwa kwamba anatumia uchawi uwanjani. Wachezaji wakapigana, watu wakaingia, polisi wakatupa moshi, umati ukakimbilia njia ya kutokea. Walikufa zaidi ya watu kumi, na wengi wao walikuwa watoto na vijana wadogo. Fikirini wazazi wale. Sijui kama dawa ile ilikuwepo kweli au ilikuwa maneno matupu. Kwa wale waliozikwa haikuleta tofauti yoyote.

Basi mkatekumeni afanye nini? Asijifiche porini siku ya kuchanga, wala asijifanye mgonjwa. Aende kwa kapteni wake mapema, mchana, amwambie kwa upole: Nitacheza kwa nguvu zangu zote, nitafika mazoezini, nitachangia mpira na chokaa, lakini fedha ya mganga sitoi, na dawa siigusi, na wapinzani nitawapa mkono. Huenda wakamwacha nje. Huenda timu ikafungwa, na watu wakasema: Ni kwa ajili yako. Hasara hiyo ni ya kweli, wala hatutasema kwamba ni ndogo, maana katika kijiji mtu hana wenzake wengine wa kwenda kwao. Ndiyo sababu nawaomba walimu na wakristu waliobatizwa zamani wasimwache peke yake siku hiyo. Wasimame pamoja naye kando ya uwanja. Wapige makofi pamoja naye, timu yake ikifunga bao bila yeye.

Na hapa nitie neno dogo kwa waliobatizwa, kwa kuwa na wao husoma kurasa hizi wakidhani hazitasema juu yao. Kuna anayekataa dawa ya mganga, kisha achukua maji ya baraka akanyunyiza mlingoti wa goli, au afukia medali ya Bikira Maria chini ya mstari ili mpira usipite. Hiyo ni dawa ileile katika chupa nyingine. Bikira Maria ni Mama wa timu zote mbili. Mkitaka kusali kabla ya mchezo, salini pamoja, pande zote mbili katikati ya uwanja, mkamwombe Mungu asivunjike mguu wa mtu, na ghadhabu isiingie. Sala hiyo Mungu aweza kuwasikilizia wote kwa mara moja. Ile nyingine yamtaka awe mshabiki.

Nimetaja kuvunjika mguu. Kijana wa shule akiumia, mama yake atamchemshia maji, na baada ya juma mbili yuko mbioni. Baba wa watoto sita akivunjika mguu wakati wa kupanda mihogo, nyumba nzima imevunjika. Nani atalima? Nani atapeleka mzigo sokoni? Kwa hiyo yule anayemkata mwenzake miguu kwa makusudi asiseme amefanya rafu ya mpira. Ameingia katika shamba la mtu na kung'oa mbegu. Amri ya tano haikatazi kuua tu. Yakataza pia kumwumiza mtu, na yafuata mpaka uwanjani. Na aliyemwumiza mwenzake hata bila kukusudia, kesho yake achukue jembe aende kumlimia. Mungu ataona jembe lile kuliko maneno mengi ya pole.

Watu wengine hudhani kwamba sheria za mpira ni moja tu kwa watu wote, na kwamba mzee wa miaka hamsini lazima akimbie dakika tisini kama wachezaji wa Ulaya. Sivyo. Baraza linalotunga sheria za mpira kwa dunia nzima laruhusu mashirikisho ya nchi yapunguze mambo fulani kwa ajili ya watoto, maveterani, walemavu na michezo ya mitaani na vijijini. Uwanja waweza kuwa mdogo, na wakati waweza kufupishwa. Mchezaji aliyetoka kupumzika aweza kurudi tena, tofauti na mashindano makubwa. Hata aliyepewa kadi ya manjano aweza kutolewa nje kwa dakika chache, apoe, kisha arudishwe. Basi kama wakubwa wa mpira wenyewe wamewahurumia wenye magoti mabovu, nasi kijijini, ambako hatuchezei kombe la nchi, twaweza kupatana kabla ya kuanza: nusu saa, mapumziko, nusu saa tena. Kapteni mmoja aseme, kapteni wa pili akubali, mwamuzi asikie. Kisha pasiwe na mtu wa kudai dakika za nyongeza kwa sababu tu amefungwa.

Ruhusa ile ya kutoka na kurudi yanipendeza kuliko zote. Kwa njia yake kila mtu aweza kucheza. Katika kila kijiji yupo baba mmoja apendaye mpira kwa moyo wote, lakini miguu yake haimpendi. Hufika wa kwanza. Ndiye ajazaye mpira upepo, ndiye afukuzaye mbuzi uwanjani, ndiye achotaye maji. Mchezo ukianza, hukaa. Ukiisha, bado amekaa. Mwaka mzima! Kama tungekuwa tunacheza kwa mshahara, kapteni angekuwa na sababu. Lakini hakuna mmoja wetu anayelipwa, na Dominika ni siku ya pumziko la wote. Mwingizeni robo saa. Akipoteza mpira, mmoja amkimbilie nyuma aurudishe, bila kelele. Nawaambia, siku baba huyo atakapogusa mpira ukaingia golini, hata kwa kisogo chake bila kujua, kijiji kizima kitacheka mpaka usiku, naye atacheka kuwapita wote. Mwafikiri Mungu achukizwa na kicheko hicho?

Juu ya mwamuzi sitasema mengi. Kijijini huwa ni mwalimu, au mzee aliyecheza zamani, hana wasaidizi wa mistari, jua limo machoni mwake, naye ana macho mawili kama sisi. Atakosea. Afikapo nyumbani hakuna fedha aliyopata isipokuwa lawama. Kapteni peke yake aseme naye, tena kwa adabu, kama mtu asemavyo na mkwe wake.

Lakini kuna saa moja ambapo wewe wajua, na mwamuzi hajui. Mpira umekugusa mkononi, ukaanguka mbele ya mguu wako, ukafunga. Filimbi yalia: bao. Wenzako wamekwisha kukuinua mabegani. Hakuna aliyeona ila wewe na Mungu. Amri ya nane yasema nini hapo? Najua ni neno gumu. Kusema kweli darasani mbele ya mwalimu si kazi. Kusema kweli ukiwa juu ya mabega ya watu kumi ni kazi. Shuka, umwendee mwamuzi, umwambie: Ilikuwa mkono. Kuna watakaokukasirikia jioni hiyo. Lakini siku utakapokuwa shahidi katika kesi ya mpaka wa shamba, wazee wa vijiji vyote viwili watakumbuka ule mkono, nao hawatakuuliza mara ya pili.

Na ikiisha? Asiyekubali kushindwa si mshindani, wazee walikwisha kusema. Aliyeshinda naye ana mtihani wake. Kumtania aliyefungwa ni haki. Utani ni chumvi ya mchezo, na mtu aliyefungwa mabao manne ajiandae kusikia wimbo akipita sokoni. Ila pima wimbo wako kwa jambo hili: je, mwenyewe aweza kuucheka? Ukimtania kwa mabao manne, aweza. Ukiimba juu ya umaskini wake, au ya kabila lake, au ya mtoto wake aliyefariki, umekwisha kutoka katika utani, nawe wajua vizuri ulipovuka mpaka. Vilevile na pombe. Watu wakikaa pamoja baada ya mchezo na kunywa kibuyu cha pombe ya ndizi, hakuna dhambi. Lakini kwa kawaida ugomvi wa mpira hauzaliwi uwanjani. Huzaliwa kwenye kibuyu cha tatu, mtu anapoanza kuicheza mechi upya kwa mdomo. Na aliyeweka fedha za chumvi na sabuni za mkewe kama dau juu ya matokeo, huyo mchezo haumpi pumziko lolote. Amekaa kando akitetemeka tangu filimbi ya kwanza.

Nimalize na jambo linalogusa nchi zetu za mashariki zaidi. Vita vimewahamisha watu wengi. Katika kijiji kimoja leo mwaweza kukuta wenyeji, wakimbizi waliofika juzi, na wengine waliorudi baada ya miaka mingi, wa lugha mbili au tatu. Vijana wakisema: tucheze mpira, mara nyingi hujigawa hivyohivyo, wenyeji huku, wageni kule. Yaonekana ni rahisi. Lakini sasa kila rafu ina historia nyuma yake, na kila bao ni la kabila. Bwana wetu Yezu Kristu alifundisha kwamba mtu aliyefika altareni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka, aende kwanza kupatana. Kama altare yenyewe yaweza kungoja upatanisho, mpira hauwezi?

Basi msigawane kwa kabila. Wasimameni wote mstari mmoja, makapteni wawili wachague kwa zamu, mmoja mmoja, mpaka waishe, na yule baba wa miguu mibaya asiachwe wa mwisho kila mara. Dominika ijayo wagawanyeni upya, ili aliyekuwa mpinzani wako leo awe wa kukupasia mpira kesho. Mama zetu wakitaka kucheza, wapewe uwanja na saa yao, na wababa wawaangalie watoto siku hiyo. Wazee wa pande zote wakae kwenye ubao mmoja, wasitengane. Na mbuzi, kama yupo, achinjwe, apikwe chungu kimoja, aliwe na timu zote mbili pamoja na mwamuzi. Kichwa wapewe walioshinda, ili wawe na kitu cha kujivunia mpaka Dominika nyingine.